Fremu za Ziada: Niliyojifunza kwa Kufifisha Picha katika Video za Harusi

Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe mjini Tanga, na sehemu kubwa ya kazi hizo ni harusi. Katika kufundisha vijana wanaokuja kujifunza studio nimeona kwamba jambo wanalolikimbilia kwanza, yaani kuifanya picha moja ififie taratibu huku nyingine ikichomoza mahali pake, ndilo wanalolielewa mwisho. Programu zimelirahisisha mno. Katika Premiere Pro unabonyeza Ctrl na D, katika DaVinci Resolve Ctrl na T, katika Kdenlive herufi U, na katika CapCut unagusa kimraba cheupe kilicho baina ya klipu mbili, basi mpito umekaa. Lakini kuna mambo mawili ambayo kitufe hakikuelezi. La kwanza ni kwamba mfifio hujengwa kwa picha ambazo mhariri alikwisha kuziondoa mbele ya macho ya mtazamaji, na la pili ni kwamba kila mfifio humwambia mtazamaji kuwa muda umepita. Mambo haya mawili ndiyo yaliyoubadilisha utaratibu wangu wote wa kazi, kuanzia maagizo ninayowapa wapiga picha hadi namna ninavyohifadhi mafaili baada ya mteja kuchukua kazi yake.

Nianze na hizo picha zisizoonekana. Video tunazotengeneza huku kwetu kwa kawaida huwa na fremu 25, yaani picha 25 za mnato, kwa sekunde, kiwango tulichokirithi kutoka mfumo wa televisheni wa PAL na kinachopatana na umeme wetu wa hezi 50. Mfifio wa sekunde moja, kwa hiyo, ni fremu 25 ambamo klipu mbili zinaonekana kwa pamoja, ya kwanza ikipungua kwa asilimia nne hivi katika kila fremu na ya pili ikiongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ukiuweka mfifio huo katikati ya mkato, yaani pale klipu moja inapoishia na nyingine inapoanzia, nusu yake, yaani fremu 12 au 13, inaangukia baada ya pale ulipoamua kwamba klipu ya kwanza imekwisha, na nusu ya pili inaangukia kabla ya pale ulipoamua kwamba klipu inayofuata inaanza. Fremu hizo lazima zitoke mahali, na mahali penyewe ni kwenye sehemu ulizozikata: mkia wa klipu ya kwanza na kichwa cha klipu ya pili. Ukiusogeza mfifio uanzie kwenye mkato, klipu ya kwanza ndiyo itakayodaiwa fremu zote 25. Ukiufanya uishie kwenye mkato, deni lote linahamia kwa klipu ya pili. Hakuna namna ya kulikwepa deni lenyewe.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mpiga picha amewasha kamera wakati bibi harusi ameshaanza kushuka garini, akaizima mara tu alipofika mlangoni mwa ukumbi, na mhariri kwa kuogopa kupoteza chochote ameitumia klipu nzima kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho, kisha anaagiza mfifio. Premiere Pro itamwonya kwamba picha hazitoshi na kwamba mpito utakuwa na fremu za kurudiwa, maana yake fremu ya mwisho itagandishwa ili kujaza pengo. DaVinci Resolve itamuuliza kama anakubali klipu zifupishwe ili ziada ipatikane. Watu wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Ikiwa picha ni ya maua mezani au ya jukwaa lililopambwa, kugandishwa huko hakuonekani. Ikiwa ni ya mtu anayetembea kunaonekana mara moja, kwa sababu mguu unasimama hewani wakati mwili mzima unaendelea kufifia, na mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu uhariri, anahisi kwamba kuna kitu kimekwama.

Kwa hiyo somo la kwanza la mfifio mimi hulifundisha uwanjani, kabla kompyuta haijawashwa. Wapiga picha ninaofanya nao kazi nimewaomba wawashe kamera, wahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya tendo wanalolilenga na hadi tano baada yake, bila kuisogeza kamera na bila kusema neno. Sharti la kutosema ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa mkia wa klipu mara nyingi hubeba sauti ya mpiga picha akimwambia mwenzake ahamishe taa, na sauti hiyo ikiingia ndani ya mfifio husikika hata ikiwa imepunguzwa. Ziada nayo lazima iwe safi. Klipu inayoishia na kamera ikiinamishwa kuelekea sakafuni ina fremu za ziada kwa hesabu, lakini fremu hizo hazifai, maana ndani ya nusu sekunde ile mtazamaji ataona zulia likipita juu ya uso wa bwana harusi. Kabla sijaweka mfifio wowote huuvuta mkia wa klipu, nikautazama peke yake, kisha nikakivuta kichwa cha klipu inayofuata nacho nikakitazama. Ni kazi ya sekunde chache na inaokoa mengi.

Ziko programu zinazolionyesha deni hili waziwazi zaidi. Katika Shotcut unaivuta klipu ya pili juu ya mkia wa klipu ya kwanza katika traki ile ile, yaani ule mstari wa kupangia klipu, na pale zilipopandana mpito hujitengeneza wenyewe. Kdenlive nayo, tangu toleo la 20.12 la Desemba 2020, inaruhusu mfifio ndani ya traki moja, jambo ambalo kabla ya hapo lilihitaji klipu ziwekwe kwenye traki mbili tofauti. Kwa anayeanza napenda njia ya kupandanisha, kwa sababu anaona kwa macho yake alichokitoa ili kuupata mfifio. Ila anapaswa kuelewa kwamba kila mfifio wa namna hii unakula muda. Chukua picha 40 za mnato, kila moja ikikaa sekunde 5: bila mififio jumla ni sekunde 200. Weka mfifio wa sekunde 1 katika kila kiungo, na kwa kuwa viungo ni 39, jumla inashuka hadi sekunde 161. Wimbo uliopimwa uishe pamoja na picha ya mwisho sasa umebaki na sekunde 39 ambazo hazina picha. Ndiyo maana mimi huweka mififio kwanza, nikahakikisha urefu umetulia, kisha ndipo nikaleta muziki.

Hesabu hiyo hiyo inamkuta mwenzangu anayeunganisha video za mahafali ya shule kwa kuandika amri za FFmpeg, programu ambayo ilipata kichujio chake cha kupishanisha picha, kiitwacho xfade, katika toleo la 4.3 la mwaka 2020. Klipu zake zikiwa za sekunde 20 kila moja na mfifio ukiwa wa sekunde 1, ya pili lazima aiagize ianze kwenye sekunde ya 19, na ya tatu haianzi kwenye 39 kama mtu angedhani, bali kwenye 38, kwa kuwa zile mbili za mwanzo zilikwisha kufupishwa na mfifio wa kwanza. Akisahau kutoa sekunde hiyo moja moja, kila kiungo kinazidi kuhama mahali pake, na makosa yanalimbikizana hadi mwisho wa faili.

Wanaofanya kazi kwa traki mbili, klipu moja ikiwa juu ya nyingine, wana tatizo lao ambalo nimelikuta katika kazi nyingi zilizoletwa studio zirekebishwe. Mhariri huifanya klipu ya chini ififie kuelekea weusi na wakati huo huo akaifanya klipu ya juu itokeze kutoka weusi, akiamini kwamba hivyo ndivyo picha mbili zinavyopokezana. Tazama kinachotokea katikati. Klipu ya juu ina nusu ya nguvu zake. Nusu inayobaki inapaswa kujazwa na klipu ya chini, lakini klipu ya chini nayo imeshapungua hadi nusu, kwa hiyo inachangia robo tu. Nusu na robo ni asilimia 75, na robo iliyopotea ni giza. Mtazamaji anaona picha ikizama kidogo kisha ikainuka, na mififio hiyo ikifuatana, video nzima inaonekana kama inapumua. Dawa yake ni nyepesi: iache klipu ya chini ibaki na nguvu zake zote hadi mfifio uishe, na uififishe ya juu peke yake. Nusu ya juu na nusu ya chini zitakamilisha mia kila wakati.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alianza wakati wa kanda za VHS, na kwake mfifio ulikuwa kitu cha gharama. Ili picha mbili zipishane ulihitaji deki mbili za kuchezesha, mikisa ya picha katikati, na deki ya tatu ya kurekodi matokeo, na mawimbi ya deki zile mbili yalipaswa kuoanishwa, kwani bila hivyo picha huruka au hukatika. Mikisa kama Panasonic WJ-MX50, iliyokuwa na uwezo wa kuyaoanisha mawimbi hayo ndani yake, ilikuwa ndiyo hazina ya studio. Mwenye deki mbili tu, moja ya kuchezesha na moja ya kurekodi, alikuwa na mkato mtupu, labda atumie kitufe cha kufifisha kilichokuwa kwenye kamera nyingi za wakati ule, ambacho kilimlazimu aamue papo hapo, sherehe ikiendelea, kwamba tukio hili limefika mwisho wake. Nyuma zaidi, katika filamu ya seluloidi, Mfaransa Georges Méliès alikuwa tayari akiunganisha matukio kwa mfifio mwaka 1899, kwa kuuziba mwanga wa lenzi polepole, kuirudisha filamu nyuma ndani ya kamera, kisha kuufungua mwanga tena juu ya tukio jipya. Nayataja haya kwa sababu mafundi wale, kwa ugumu wa vyombo vyao, walilazimika kujiuliza swali ambalo kitufe cha leo hakikuulizi: mfifio huu unasema nini?

Nami nimeridhika kwamba unasema jambo moja la msingi, yaani muda umepita au mahali pamebadilika. Mkato mtupu unasema tuko pale pale, tunatazama kutoka upande mwingine. Mfifio wa kupishana unasema tumesogea mbele kidogo. Kufifia hadi weusi, kisha kutokeza tena, kunasema sura imefungwa na nyingine imefunguliwa. Mtazamaji hajafundishwa lugha hii shuleni, lakini anaielewa, na ukiitumia ovyo unamchanganya. Katika harusi ya siku mbili, kwa mfano, weusi nauweka mahali pamoja tu, kati ya usiku wa kumpamba bibi harusi na asubuhi ya nikahi. Mififio ya kupishana naiweka pale tunapotoka nyumbani kwenda msikitini au kanisani, na kutoka huko kwenda ukumbini. Ndani ya tukio lenyewe natumia mkato.

Katika nikahi situmii mfifio kabisa, na jambo hili nalishikilia hata mteja akiniomba. Walii anaposema, "Nimekuoza binti yangu," na bwana harusi akajibu, "Nimekubali," maneno yale mawili yanafuatana kwa sheria, hayaachani. Ukiweka mfifio baina ya sura ya walii na sura ya bwana harusi, hata wa nusu sekunde, umemdokezea mtazamaji kwamba kuna kitu kimepita katikati, na umeonyesha kwa picha jambo ambalo halikutokea. Ninachofanya ni kuikata picha kutoka uso mmoja kwenda mwingine, sauti ikiachwa bila kuguswa kutoka kamera moja, ili aliyekuwa mbali na asiyehudhuria aione kauli nzima kama ilivyotamkwa.

Hotuba nazo zina majaribu yao. Mjomba amezungumza dakika kumi na mbili, familia inataka tatu, na mhariri anapoondoa sentensi za katikati kichwa cha mjomba kinaruka kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. Wengi hufunika mruko huo kwa mfifio. Matokeo yake ni mtu mmoja mwenye midomo miwili inayochezeana kwa nusu sekunde, na kila anayetazama anajua kwamba hapo pamekatwa. Ni afadhali kuonyesha wageni wakisikiliza, bibi harusi akitabasamu, au mikono ya mama ikiwa imeshikana mapajani, huku sauti ya mjomba ikiendelea chini yake, kisha kumrudia mjomba akiwa kwenye sentensi nyingine. Kwa sababu hii humwomba mpiga picha wa pili asiielekeze kamera yake kwa msemaji hata kidogo muda wote wa hotuba.

Sasa tuutazame mfifio wenyewe kwa karibu, pale katikati yake, maana ndipo uzuri na ubaya wake unapokaa. Katika harusi moja nilikuwa na picha ya mkono wa bibi harusi uliopakwa hina, umewekwa upande wa kulia wa fremu juu ya kitambaa cheusi, na picha iliyofuata ilikuwa ya mkono wa bwana harusi ukitia saini cheti cha ndoa, nao upande wa kulia, karatasi nyeupe ikijaza fremu nzima. Nilipozipishanisha, hina ilipotea fremu chache tu baada ya mfifio kuanza, kwa sababu weupe wa karatasi uliingia mapema na kuzimeza zile nakshi za kahawia, na mikono miwili ikaonekana kama mmoja wenye vidole vingi. Nilitafuta klipu nyingine ya saini ile ile iliyopigwa kutoka upande wa pili, ambamo mkono wa bwana harusi uko kushoto na kulia kuna kivuli cha kanzu ya shahidi. Hapo hina ilibaki ikionekana juu ya kivuli hadi karibu na mwisho, saini ikajitokeza kushoto mahali palipokuwa patupu, na kwa sekunde nzima mikono yao ilikuwa pamoja katika picha moja kabla hawajakaribiana ukumbini. Tangu hapo kanuni yangu ni kuusimamisha mfifio katika fremu yake ya kati na kuitazama kama picha ya mnato: ikiwa uso umeangukia juu ya uso, au cheupe kimeangukia juu ya kitu ninachotaka kionekane, nabadilisha klipu au narudi kwenye mkato.

Urefu wa mfifio unategemea muziki zaidi kuliko mapendeleo ya mhariri. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika una pigo moja kila sekunde 0.6, ambazo ni fremu 15 katika video ya fremu 25. Mfifio wa fremu 30 unachukua mapigo mawili kamili, na ukiupanga ili katikati yake paangukie kwenye pigo, macho yanahisi kwamba picha mpya imeingia na pigo hilo, kwa kuwa ni hapo katikati ndipo picha mpya inapoanza kuitawala ya zamani. Sekunde moja inayowekwa na programu bila kuulizwa mara nyingi haiangukii popote. Kwa taarabu ya taratibu nafika fremu 50 au zaidi, kwa picha za mapambo na za ukumbi kabla wageni hawajaingia. Kwa kuingia kwa maharusi, ngoma ikiwa imepamba moto, situmii mfifio wowote.

Sauti inahitaji mfifio wake yenyewe, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye picha. Sauti mbili zisizofanana zikipokezana kwa mstari ulionyooka, kila moja ikiwa kwenye nusu pale katikati, sikio linasikia zikizama. Njia inayohifadhi nguvu huzishikilia sauti zote mbili kwenye asilimia 71 hivi ya kimo chake pale katikati, na upokezano unasikika sawasawa. Premiere Pro inauita mfifio huo Constant Power. Lakini tatizo kubwa zaidi katika kumbi zetu ni jenereta. Umeme umekatika, jenereta limewashwa nyuma ya ukumbi, na klipu moja ina mngurumo ule wakati inayofuata, iliyopigwa dakika chache baadaye, haina. Picha zinaweza kukatwa bila shida yoyote, lakini mngurumo ukikatika ghafla kila mtu anaushtukia. Hapo naacha picha ikatwe kwa mkato, na mngurumo naufifisha kwa sekunde mbili au tatu chini ya klipu inayofuata. Hata pale ambapo sihitaji mfifio wa kusikika, kila mkato wa sauti naupa fremu mbili za kufifia, kwa kuwa bila hizo spika hutoa mlio mdogo wa kukatika.

Nyimbo mbili sizipishanishi kamwe. Mapigo yao hayalingani, na kwa sekunde chache zile ukumbi unasikika kama una bendi mbili zinazogombana. Nauacha wimbo wa kwanza ufike mwisho wa ubeti wake, navileta vigelegele vya kina mama kutoka klipu yoyote ya siku ile, na ndani ya vigelegele hivyo wimbo wa pili unaanza. Vigelegele havina mapigo ya kugongana na chochote, na katika harusi hakuna anayevishangaa.

Kuna jambo la mwanga ambalo nitaligusa kwa ufupi. Mfifio wa kawaida huchanganya namba za picha, na namba hizo haziendi sambamba na mwanga halisi, kwa hiyo taa na mishumaa hufifia mapema na katikati ya mpito huwa na utusitusi kidogo. Premiere Pro ina mpito uitwao Film Dissolve unaochanganya kwa kufuata mwanga halisi, ambao huziacha taa ziendelee kung'aa hadi karibu na mwisho. Kwa picha za usiku, ukumbi ukiwa na taa ndogo ndogo nyingi, tofauti yake inaonekana wazi; kwa picha za mchana sijaona haja.

Baada ya kazi yote hiyo, wateja wengi huitazama video kwenye simu, ikiwa imepitishwa WhatsApp na kubanwa upya. Mfifio ni miongoni mwa vitu vinavyoumia zaidi katika kubanwa. Ubanaji wa H.264 huokoa nafasi kwa kutambua kwamba kipande fulani cha picha kilikuwepo katika fremu iliyotangulia na sasa kimesogea tu. Katika mfifio hakuna kilichosogea, ila kila nukta imebadilika mwangaza wake. H.264 ina mbinu ya kukisia mabadiliko hayo ya mwangaza, lakini nafasi ikiwa ndogo mbinu hiyo haitoshi, na picha inavunjika vimraba. Kufifia hadi weusi kunaumia kwa namna nyingine pia: video ya kawaida ina ngazi 220 tu kutoka weusi hadi weupe, picha ya usiku hutumia chache kati ya hizo, na ikififishwa polepole ngazi zinaonekana moja baada ya nyingine kama mistari angani. Kwa nakala ya simu, kwa hiyo, nafupisha kufifia hadi weusi kuwa chini ya sekunde moja na naongeza chembechembe hafifu juu ya picha za giza, ambazo huzivunja kingo za mistari ile. Nakala ya kwenye flashi, ya kutazamwa kwenye televisheni sebuleni, naiacha na mififio yake mirefu.

La mwisho ni uhifadhi. Mama mmoja aliniletea video ya harusi ya bintiye iliyohaririwa kwingine, akaniambia, "Mwanangu, baba yake alikuwa walii, na sasa hayupo. Nataka nimwone akisema maneno yake yote, haya maua yaliyopita juu ya uso wake uyaondoe." Mhariri alikuwa ameweka mfifio kutoka kwa walii kwenda kwenye maua kabla sentensi haijaisha. Klipu za asili zilikuwa zimefutwa, na mama alikuwa na faili la mwisho peke yake. Nikamweleza, "Mama, picha hizi mbili zimeshakuwa moja, siwezi tena kuzitenganisha." Mfifio ukishatolewa kama faili, kila nukta yake ni mchanganyiko, na hakuna programu inayoweza kumrudishia uso ule jinsi ulivyokuwa. Nilichoweza ni kuisimamisha fremu ya mwisho iliyo safi kabla ya maua kuanza, nikaiacha ibaki hadi sauti ya mzee imalize maneno yake, na bahati nzuri sauti ilikuwa haijafifishwa.

Tangu siku ile mkataba wangu na wateja unaeleza kwamba klipu za asili na faili la mradi ni sehemu ya kazi wanayoilipia. Nawapa kwenye diski yao wenyewe pamoja na video iliyokamilika, klipu zikiwa na mikia na vichwa vyake vyote, na nakala ya pili naibakiza studio kwa mwaka mmoja. Klipu za nikahi sizifuti hata mwaka huo ukipita.